Adui wa Ngazi za Juu: Maswali Ambayo Waendesha Mchezo Huuliza Kila Mara

Maswali haya yamejikusanya taratibu kwenye daftari la mraba, aina ile ya kuandikia madeni ya duka. Mengi yametoka kwa vijana wa Kisumu na Nakuru walioanzisha kampeni zao wenyewe, yaani visa virefu vinavyochezwa kikao baada ya kikao, wakafika ngazi ya 12 au 13, kisha wakanipigia simu usiku wakilia kwamba wachezaji wamewashinda nguvu. Mifano yangu inafuata kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa kuigiza mezani ambapo kila mchezaji anashika mhusika wake na mwendesha mchezo anasimulia mengine yote, maadui wakiwemo, kwa sababu ndizo tunazocheza Jumamosi alasiri hapa Milimani, Kisumu. Kama unatumia kanuni nyingine, badilisha namba tu. Adui ni yuleyule.

## Misingi

1. Ngazi za juu zinaanzia wapi hasa?

Mhusika hupanda kutoka ngazi ya 1 hadi ya 20, na vitabu vya mwaka 2014 vinaigawa safari hiyo vipande vinne: 1 hadi 4, 5 hadi 10, 11 hadi 16, na 17 hadi 20. Wengi wakisema ngazi za juu wanamaanisha 11 kwenda mbele.

Mimi naanza kuhesabu mapema kidogo, kwenye ya 9. Hapo kuhani anapata uchawi wa daraja la 5 (ngazi ni ya mhusika, daraja ni la uchawi) na anaweza kumrudisha mtu aliyekufa siku kumi zilizopita. Kifo kikishakuwa na bei, mchezo umeshageuka. Ngazi ya 13 wanahama mji hadi mji kwa kufumba na kufumbua. Ngazi ya 17 mchawi anatamka jambo nalo linakuwa.

2. Mbona adui aliyetutetemesha ngazi ya 5 sasa anaonekana mtoto?

Ngazi ya 5 swali la kila kikao lilikuwa "tutaweza?" Daraja limevunjika, mto umejaa, jambazi hajulikani alipojificha. Ngazi ya 15 wanaweza. Wanaruka, wanachungulia, wanafufua, na ukiwawekea ukuta wanauliza kwa upole kama ukuta una pointi ngapi za uhai, yaani kipigo kiasi gani kitauangusha.

Kuna swali moja tu ambalo sijaona uchawi wake katika kitabu chochote: nani alipe? Mhusika wa ngazi ya 15 anaweza kuzuia mafuriko, lakini maji lazima yaende kwa mtu. Anaweza kumfufua mfalme, lakini mrithi ameshavaa taji na ana watoto wadogo. Ukitaka kuwatoa jasho, acha kupima nguvu zao. Waonyeshe bili, kisha uwaulize iende kwa nani. Karibu kila jibu hapa chini linarudi hapo.

3. Nianze na adui mwenyewe au nia yake?

Nia. Joka, jini, malkia wa barafu, hizo ni nguo za kuvaa baadaye. Naandika mistari mitatu kabla ya kumpa sura: anataka nini, kwa nini sasa, na gharama inamwangukia nani.

Kampeni yetu ya mwisho iliishi miaka miwili kwa mistari hii. Anataka ziwa lisipande likameza vijiji tisa. Sasa hivi, kwa sababu kizuizi alichokiweka zamani kinachoka na mvua zimezidi. Gharama: kila mwaka mtoto mmoja wa vijiji hivyo anafutwa. Hauawi. Anafutwa, hata mama yake hakumbuki kwamba aliwahi kumzaa. Tulimwita Min Nam, yaani mama wa ziwa kwa Kijaluo. Sikujua anafananaje hadi kikao cha nne, na hakuna aliyelalamika.

Wachezaji hawakumgundua kwa vita. Mhusika wa mmoja wao alipita kwao kula chakula cha jioni. Mama yake akapakua sahani sita. Mezani walikuwa watu watano. Mama akaitazama ile ya sita, akacheka kidogo kama mtu aliyejishika akiongea peke yake, akarudisha ugali kwenye sufuria. Nilimaliza sentensi hiyo nikanyamaza, na kwa muda hakuna aliyegusa dadu wala chai.

## Nia

4. Nia zipi hazichakai?

Nimejaribu nyingi. Hizi ndizo zilizobaki kwenye daftari bila kukatwa.

Ya kwanza ni wema uliokwenda mbali, na mfano wake tunao mlangoni. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Walioleta walitaka samaki mkubwa mwenye nyama nyingi. Mbuta akala furu, wale samaki wadogo wa asili ambao ziwa lilikuwa na aina mamia, na nyingi hazijaonekana tena. Papo hapo minofu yake ikajenga viwanda, ikanunua maboti, ikalipa karo za watoto. Sasa hamishia hilo kwenye kampeni. Mchawi mwenye huruma aliachilia mnyama ziwani wakati wa njaa. Mnyama anakula mizimu midogo ya vijiji mmoja baada ya mwingine, na nyama yake ndiyo inayolisha mji mzima. Mashujaa wa ngazi ya 16 watamuua jioni moja bila kutokwa jasho. Asubuhi yake wavuvi watakuwa nje ya hema lao, wakiuliza kwa adabu karo ya muhula wa pili italipwa na nani.

Ya pili ni deni. Adui aliahidi kitu kikubwa alipokuwa mdogo na dhaifu, sasa mwenye mali amekuja kudai. Hii ni nzuri kwa sababu nyuma ya adui kuna adui, na wachezaji wanaweza kulinunua lile deni. Wanunue. Utawapata baadaye.

Ya tatu ni aibu. Mtu ana sanamu katikati ya mji na nyimbo za sifa, lakini ushindi ule haukuwa wake. Aliyeshinda alizikwa bila jina. Anaua mashahidi, na hana furaha yoyote akifanya hivyo. Naipenda sana hii kwa ngazi ya 12 hadi 14, kwa sababu kwa kawaida wachezaji nao wameshapata wimbo wao wa sifa na wanaanza kujitazama.

Ya nne ni hofu ya kufa, iliyochoka kidogo. Yule mchawi mfu anayeficha roho yake kwenye chombo, ukimvunja mwili anarudi na mwingine baada ya siku chache, tumemzoea. Anafufuka upya ukiuliza anaogopa kukutana na nani huko. Wa kwetu alikuwa na ndugu yake akimsubiri upande wa pili, ameketi tu, hana haraka.

Ya tano ni kazi. Karani wa ulimwengu wa wafu ambaye rejista yake hailingani. Tazama swali la 11, maana huyu anazaliwa na wachezaji wenyewe.

Mapenzi yaliyoharibika na kisasi pia vinafanya kazi, lakini kila mwendesha mchezo anavijua bila kuambiwa.

5. Kwani kuna ubaya gani adui akitaka tu kutawala ulimwengu?

Hakuna ubaya, ila hujamaliza sentensi. Autawale ili afanye nini Jumatatu asubuhi? Ukipata jibu la hilo, tupa ile sehemu ya kutawala na ubaki na jibu.

6. Je, adui anaweza kuwa na haki?

Anaweza, na ngazi za juu ndipo anapopendeza zaidi. Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la kreta karibu na Kendu Bay, lina hadithi yake ambayo watoto wengi wa upande huu wameisikia. Kikongwe alifika kijijini usiku wa sherehe akiomba mahali pa kulala. Akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu akampokea, na huyo akaambiwa aondoke na jamaa yake. Mvua ikaja, kijiji kikazama.

Tukiwa watoto tulishangilia kikongwe. Mwendesha mchezo asishangilie. Ajiulize: katika kijiji kile kulikuwa na watoto waliolala wakati kikongwe anafukuzwa? Na kama kikongwe yuleyule leo anaelekea mji wa watu elfu thelathini, na jana kweli walimfukuza tena, wachezaji wako wanasimama wapi? Ana haki ya kukasirika. Hawana haki ya kumwambia hakutendewa vibaya. Bado kesho kutwa mvua itanyesha.

Au chukua reli. Ilifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, mwaka 1901. Wanandi waliipinga serikali ya kikoloni na reli yake kwa takriban miaka kumi, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905. Kwenye ripoti za wakubwa wa wakati ule yeye ndiye msumbufu. Kwa watu wake ni shujaa. Nimewahi kuendesha kisa cha barabara ya chuma kinachofanana na hicho mara mbili, kwa makundi mawili: kundi moja wamelipwa kulinda reli, jingine wamezaliwa mlimani. Majina ya maadui yalibadilishana nafasi, na sikuandika ukurasa hata mmoja mpya.

7. Naruhusiwa kutumia hadithi za kwetu, au nitakuwa nazichezea?

Tumia, lakini azima mifupa na uache nyama. Badilisha jina, badilisha mahali, shika ule mtambo ulio ndani ya hadithi.

Luanda Magere ni mfano mzuri. Shujaa wa Kijaluo wa Kano mwenye mwili wa jiwe, mikuki haimwingii. Maadui wakamwoza binti yao. Siku alipougua akamwambia mke achanje kivuli chake badala ya mwili, na siri ikatoka nyumbani. Vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kwenye kivuli. Mtambo wake ni huu: udhaifu haupatikani uwanjani, unapatikana kwa kuishi naye na kumuuguza. Nikamtengeneza jenerali ambaye hakuna silaha wala uchawi unaomgusa ila kupitia kivuli. Wachezaji walipolijua hilo walijiona wameshashinda, wakamvamia mchana. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Saa sita na nusu mchana kivuli kinajikunja chini ya nyayo, huna pa kuchoma. Walikimbia kwa aibu, wakarudi alfajiri, jua likiwa chini na kivuli chake kimelala mita kumi kwenye nyasi. Hilo la alfajiri walilifikiria wenyewe. Mimi nilikuwa nimepanga kitu kingine, cha kijinga zaidi.

Kuna mpaka mmoja. Baadhi ya majina haya ni mababu wa watu walio hai, na baadhi ya imani bado zina waumini wanaosali leo. Usimchukue kiongozi wa kweli wa dini au wa vita ukampa pointi za uhai ili auawe mezani. Kama mchezaji mmoja anaweza kusema "huyo ni wa ukoo wetu," umeshapita mpaka.

8. Nitajuaje kwamba nia imeiva?

Msimulie mtu asiyecheza. Mimi namsimulia shangazi anayeuza omena Kibuye. Akisema "mbaya huyo," bado mbichi. Akisema "lakini hata yeye..." kisha akaacha kupima kikombe cha mteja, nafunga daftari.

## Changamoto

9. Wachezaji wanaruka na kuhama papo hapo. Nitawazuiaje?

Usiwazuie kila mara. Wamesota miezi kupata uwezo huo, na ukiwawekea dari yenye uchawi kila jengo watakuona mchoyo. Kanuni zenyewe zinakupa kizuizi halali: kuna uchawi wa daraja la 6 unaoziba eneo la futi mraba 40,000 lisiingiwe kwa kuhama, na ukitumiwa kila siku kwa siku 30 hapohapo unadumu. Weka kimoja, kwenye nyumba ya adui, na uache dalili kwamba mtu alifanya kazi ya mwezi mzima kukiweka. Wachezaji huheshimu ukuta wenye historia.

Bora zaidi, fanya kufika kuwe rahisi na kuchagua pa kufika kuwe kugumu. Uchawi wa kuhama unabeba mwenyewe na watu wanane walio tayari. Kijiji kina watu mia mbili na maji yako magotini. Au matukio mawili yatokee saa ileile katika miji miwili. Sijawahi kukosa kikao kizuri kwa hesabu hiyo ya nane.

10. Wanamchungulia adui kwa mbali na kuwalazimisha watu waseme kweli. Siri itakaa wapi?

Siri ikae mahali ambapo hata mwenyewe haijui. Uchawi wa ukweli unamzuia mtu kusema uongo wa makusudi, lakini haumlazimishi kujibu, na mtu anayeamini kosa lake atalisema kwa moyo safi. Wale akina mama wa vijiji tisa walipohojiwa walisema hawajapoteza mtoto. Ilikuwa kweli yao.

Kuchungulia nako kuna nafasi ya mlengwa kujinusuru, na hudumu dakika kumi tu. Basi mwache achunguliwe. Wamwone adui akimnywesha mgonjwa uji kwa kijiko, kwa subira, dakika zote kumi. Watatoka na maswali mengi kuliko waliyoingia nayo.

11. Wanamfufua kila anayekufa. Hofu imekwisha mezani. Nifanye nini?

Soma kanuni vizuri kwanza, maana nusu ya jibu limo humo. Kufufua kwa daraja la 5 kunateketeza almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu, na marehemu awe amekufa ndani ya siku kumi. Kwa daraja la 7 ni almasi ya 1,000 na muda wa karne moja. Kwa daraja la 9 ni almasi za 25,000 na miaka 200. Na mara zote roho lazima ikubali na iwe huru kurudi.

Hapo una maadui wawili bure. Mmoja ni tajiri anayenunua kila almasi sokoni. Hana jeshi, hana uchawi, ana maghala. Baada ya mwaka mmoja, kufufuka ni kwa wanaomjua. Hajavunja sheria yoyote. Kila mchezaji wangu alitaka kumchoma kisu, na kila mmoja alijua kwamba akichomwa, ghala litaporwa na wale wabaya zaidi yake.

Wa pili ni yule karani wa swali la 4. Alifika kambini kwetu jioni moja ya mvua na faili chini ya kwapa, akaomba kiti, akafungua. Majina kumi na moja yamekatwa na kuandikwa upya, yote kwa mkono wa kuhani wa kundi. Hakuja kupigana. Alikuja kuuliza ni majina gani kumi na moja mengine aandike ili hesabu ikae sawa, na akaongeza kwamba ofisi hufungwa saa kumi na moja. Kuhani wetu alitetemeka kuliko siku ya joka.

12. Adui wangu mkuu anakufa raundi ya pili. Niongeze pointi za uhai?

Kuongeza pointi za uhai pekee ni kuongeza maji kwenye mchuzi. Tatizo ni zamu: wao watano wana zamu tano, yeye ana moja. Ndiyo maana wanyama wakubwa wa kitabu wamepewa vitendo vya ziada, kwa kawaida vitatu kila raundi, vinavyofanywa mwisho wa zamu za wengine. Pia wanaweza kukataa kushindwa na uchawi, mara tatu kwa siku, na nyumba yao yenyewe hufanya jambo kwenye hesabu ya 20 ya mpangilio wa zamu. Mpe adui wako hivyo vyote bila haya.

Halafu ipe vita kazi nyingine. Mtumbwi wenye watoto unazama upande wa kushoto. Mlango unafungwa kidogo kila raundi. Adui mwenyewe hahitaji kushinda, anahitaji raundi nne. Wachezaji wakianza kubishana nani aache kupiga, vita vimekuwa vya ngazi ya juu. Hapo tena bili ya swali la 2 imefika mezani.

13. Mchawi amepata Wish, ule uchawi wa kutamani jambo likawa. Kampeni imeisha?

Haijaisha. Akiutumia kuiga uchawi wowote wa daraja la 8 au chini yake, mwache, hiyo ni haki yake. Akitamani jambo la nje ya hapo, kanuni zinamtoza: nguvu za mwili zinashuka hadi 3 kwa siku kadhaa, na kuna asilimia 33 ya uwezekano kwamba hataweza kuutumia tena maisha yake yote.

Usikimbilie kupotosha maneno yake kama jini wa hadithi za watoto. Ni ujanja wa siku moja, na baada yake mchezaji atakuja na karatasi iliyoandikwa kama mkataba wa shamba. Mimi humweleza gharama kabla dadu haijaruka. Wetu alitaka kutamani watoto wote waliofutwa warudi. Nikamwambia: watarudi, na maji yote yaliyozuiwa kwa ajili yao yatarudi pia. Akakaa. Wenzake wakatoka nje kuota upepo. Stima ikapotea, tukamaliza kikao kwa tochi za simu, na bado hakuwa ameamua.

14. Changamoto zisizo za vita zinafanana vipi kwenye ngazi hizi?

Baraza. Sijapata kitu kinachoshinda baraza chini ya mti. Min Nam alipokamatwa alisema jambo moja tu: nihukumiwe na wale ninaowalinda. Wazee wa vijiji tisa wakaja na vigoda vyao. Nilikuwa nimewapa wachezaji mzee mmoja kila mmoja wamwigize kwa kikao kile, na wanne waliobaki niliwabeba mimi. Kikao kilichochukua muda wa saa nne, dadu ilirushwa mara moja. Vijiji sita vilitaka aachwe aendelee na kazi. Mzee mmoja alisema: "Mwanangu huyo siwezi kumlilia, simjui. Lakini hawa wanne ninaowajua nitawapeleka wapi?" Aliyesema hivyo ni mchezaji mtulivu kuliko wote, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisema tu "napiga kwa shoka."

Nyingine ni saa inayoonekana. Wanaoishi Nakuru wameona ziwa lao likipanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, hadi lango kuu la zamani la mbuga likamezwa. Hakuna mlipuko wala kelele, kila ukirudi mti uliokuwa nchi kavu sasa umesimama majini. Weka kitu kama hicho kwenye ramani yako. Kila kikao futa kijiji kimoja kwa penseli ya buluu, usitangaze.

## Mambo ya pembeni

15. Wamemuua adui mkuu miezi sita kabla ya mpango wangu. Nimrudishe?

Hapana, wasinyang'anywe ushindi. Uliza kazi aliyokuwa akiifanya sasa inafanywa na nani. Alikuwa akizuia kitu? Kimefunguka. Alikuwa na deni? Limerithiwa. Mara nyingi adui wa pili anakuwa bora kwa sababu wachezaji ndio waliomwajiri.

16. Wamemhurumia adui na wanataka kujiunga naye!

Pongezi, nia yako imeiva (swali la 8). Waache wajiunge. Kisha, mwaka wa mchezo ukiisha, wape wao kazi ya kuchagua jina la mtoto wa kufutwa.

17. Mchezaji ambaye adui huyu ni wa ukoo wa mhusika wake hakuja. Tuendelee?

Tusiendelee na lile tukio. Watu wana mazishi ya mashambani, zamu za usiku, mvua za Kondele. Kuwa na kisa kidogo cha akiba cha jioni moja. Cha kwetu ni mnada wa mbuzi anayeongea, tumekicheza mara tatu na mbuzi hajauzwa.

18. Kikao ni baada ya nusu saa na sina chochote.

Fungua kumbukumbu za kikao kilichopita, tafuta ushindi wao wa mwisho, uulize nani aliulipia bila wao kujua. Mwenye nyumba iliyoungua. Mlinzi aliyefukuzwa kazi kwa kuwaacha wapite. Huyo anabisha hodi leo. Muda uliobaki kachemshe chai.

19. Tucheze kwa lugha gani?

Ile mnayogombania. Kundi letu linaanza Kiswahili, likipata joto linaingia Kijaluo na Sheng, na mchezaji wetu wa Nakuru anadai tafsiri huku akijua fika tulichosema. Ninachosisitiza ni adui awe na namna yake ya kusema. Min Nam aliwaita wote "nyathina," mwanangu, hata alipokuwa akiwakunja kwa uchawi. Neno hilo moja lilifanya kazi kuliko maelezo yangu ya mavazi.

20. Vitabu ni ghali. Lazima ninunue?

Si lazima. Mwezi Januari 2023 hati ya msingi ya kanuni za toleo la tano ilitolewa kwa leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo unaweza kuipakua, kuichapisha na hata kuandika visa vyako juu yake mradi utaje chanzo. Ina ngazi zote 20 na wanyama wa kutosha. Dadu ya pande 20 ikikosekana, programu ya simu inatosha, ingawa dadu ya kweli ikianguka chini ya kochi ina msisimko wake.

21. Adui akiondoka, kampeni inaisha siku hiyohiyo?

Kaa kikao kimoja zaidi cha kulipa. Wetu hawakumuua Min Nam. Mmoja wa wahusika wao, shujaa wa kiapo wa ngazi ya 18, alikubali kukaa kwenye kiti chake na jina la kufutwa likawa lake mwenyewe. Nilichukua karatasi ya mhusika mikononi mwa mchezaji, nikaikunja, na nikawaomba wengine wanisimulie safari nzima bila kumtaja. Walijaribu. Kila walipofika penye pengo walisema "halafu mtu fulani akafungua mlango," wakatazamana.

Wiki iliyofuata tulianza upya kwenye ngazi ya 1, miaka mia moja baadaye, katika kijiji kando ya ziwa ambako kila nyumba hupakua sahani moja zaidi na hakuna anayejua sababu.